Mama ana presha, na akisimama anapepesuka: aache vidonge?

Swali: Assalaam alaykum, daktari. Tupo Wete. Mama yangu ana miaka 74 na ana presha muda mrefu. Amepewa amlodipini miligramu 10 na bendrofluazaidi miligramu 5, zote anameza asubuhi. Wiki iliyopita alipimwa duka la dawa ikasoma 172/70. Siku ya tatu tukampima kwa jirani ikasoma 128/62. Akiamka kusali Alfajiri anapepesuka, na juzi alijishikiza ukutani asianguke. Miguu imemvimba vifundoni. Jirani anasema hiyo ni presha ya kushuka, akamnywesha maji ya chumvi. Sasa vidonge anavimeza siku ile tu anapohisi kichwa kizito. Magoti nayo yanamsumbua, diklofenaki hazimtoki mkobani. Na Ramadhani inakaribia. Aache dawa au aendelee?

Jibu: Waalaykum salaam. Asiache, lakini asiendelee hivi hivi pia. Dawa zake zinahitaji kupangwa upya na daktari, na kabla ya kwenda kwa daktari kuna kipimo kimoja ambacho naona hajafanyiwa hata mara moja: kupimwa akiwa amesimama.

Mama hana maradhi mawili, moja la kupanda na jengine la kushuka. Inavyoelekea, presha yake iko juu akiwa amekaa, kisha inaporomoka anapoinuka, na yote mawili yanaweza kumtokea mtu mmoja ndani ya dakika tano. Hali hii ni ya kawaida kwa wazee walio kwenye dawa, na mara nyingi ndiyo inayowafanya waache vidonge kimyakimya. Mzee anaona akimeza anapepesuka, asipomeza anatembea vizuri, basi anajikatia shauri mwenyewe. Huwezi kumlaumu. Lakini presha ya 172 haimuumi, wala haitamuuma mpaka siku ile itakapompooza upande mmoja.

Tuanze na zile namba. Ya juu ni nguvu ya damu pale moyo unaposukuma, ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika. Ujanani mishipa mikubwa hutanuka kupokea msukumo. Uzeeni inakakamaa kama mpira wa kumwagilia ulioachwa juani miaka, kwa hiyo namba ya juu inapanda na ya chini inateremka. Watu wengi waliopita miaka 60 wana presha ya sura hiyo. Msijifariji, basi, kwa ile 70 ya chini. Kwa umri wa mama, namba ya juu ndiyo inayotangulia kueleza hatari ya kiharusi.

Kuinuka nako kuna kazi yake. Mtu akisimama, damu kiasi cha nusu lita hadi lita nzima huteremkia miguuni na tumboni. Kwenye mishipa ya shingo kuna vihisio vinavyoliona hilo na kuamrisha moyo uongeze kasi na mishipa ijikaze. Kwa mzee vihisio hivyo vinachelewa. Sasa mtazame mama saa 11 alfajiri: hajanywa maji usiku kucha, bendrofluazaidi, ambayo ni dawa ya kukojoza, imemtoa maji na chumvi, amlodipini imelegeza mishipa, naye anachupa kitandani kwa sababu ameshasikia adhana. Ubongo unakosa damu kwa sekunde kadhaa, ukuta unamsaidia. Siku ukuta ukiwa mbali, ni nyonga kuvunjika, na nyonga iliyovunjika kwa mtu wa miaka 74 ni jambo zito sawasawa na kiharusi.

Kwa hiyo pimeni. Tafuteni mashine ya kufunga mkono wa juu, si ile ya kifundo cha mkono, ambayo hudanganya kirahisi mkono ukiwa juu au chini kidogo tu. Chukueni tepu ya fundi cherehani mpime mzunguko wa mkono wake, katikati ya bega na kiwiko. Mkanda wa kawaida ni wa sentimita 22 hadi 32, na imeandikwa juu ya mkanda wenyewe. Mama akiwa mnene wa mkono, tuseme sentimita 35, mkanda huo utambana na kusoma presha kubwa kuliko aliyonayo. Anahitaji mkanda mpana.

Asiwe amekunywa chai ya rangi wala kahawa, wala asiwe ametoka kufagia uwanja, kwa nusu saa kabla. Aende haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa peke yake kinaweza kupandisha namba ya juu kiasi cha 10. Akae kiti chenye mgongo, nyayo zote mbili chini, asipandishe mguu juu ya mguu, mkono ulale juu ya meza usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, namba inapanda. Mkanda uvaliwe kwenye ngozi tupu, ukingo wa chini uwe sentimita 2 au 3 juu ya mkunjo wa kiwiko. Si juu ya baibui, na si chini ya mkono wa gauni uliokunjwa ukabana. Apumzike dakika 5 kimya. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapokosea: mashine inajaa upepo, na huku mama anaulizwa habari za harusi. Kuzungumza tu kunapandisha. Pimeni mara mbili, baina yake dakika moja, mwandike zote mbili.

Siku ya kwanza pimeni mikono yote miwili, na kuanzia hapo mtumie ule uliosoma zaidi. Tofauti ikipita 15, mwambieni daktari. Mashine ikionyesha alama ya mapigo yasiyo sawa mara kwa mara, hilo pia liandikwe, kwa sababu moyo unaopiga ovyo unachanganya mashine, na wenyewe ni jambo la kutibiwa.

Fanyeni hivyo asubuhi kabla ya vidonge na jioni, siku 7. Siku ya kwanza iacheni, nyengine zote mtoe wastani. Wastani wa nyumbani chini ya 135/85 ni sawa na chini ya 140/90 hospitali. Vipimo viwili mlivyonavyo sasa, 172 na 128, havitoshi kuamulia kitu. Huenda dukani alitoka kutembea juani na hakupumzishwa, na huenda kwa jirani ilikuwa siku aliyomeza dawa. Hatujui, na daktari naye hatajua msipomletea daftari.

Kipimo cha kusimama kifanyeni siku tatu kati ya hizo, alfajiri, na siku moja baada ya chakula cha mchana, kwa sababu presha ya wazee hushuka pia tumbo likijaa. Mama alale kitandani dakika 5, mpimeni akiwa amelala. Mwinueni asimame, mtu mmoja awe pembeni yake na kiti kiwe nyuma. Mkanda usivuliwe. Dakika ya kwanza pimeni tena, mkono wake mkiushikilia usawa wa moyo, na dakika ya tatu pimeni tena. Akiona giza mkalisheni hapo hapo, kipimo kimekwisha na jibu mmelipata. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, basi presha yake inaporomoka kwa kusimama. Daftari linaweza kuwa hivi: “Jumanne, saa 11 alfajiri, kabla ya dawa. Amelala 156/70. Kasimama, dakika 1: 128/62, kizunguzungu. Dakika 3: 136/66, kimepungua.” Mstari mmoja kama huo unamfaa daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Sasa vidonge. Amlodipini hukaa mwilini muda mrefu: baada ya saa 30 hadi 50 ndipo inapungua nusu, na inachukua kama wiki kufika kiwango chake ikimezwa kila siku. Kuimeza leo kwa sababu kichwa kizito hakuteremshi presha ya saa hii. Kichwa kizito nacho si kipimo cha presha. Wengi wana 180 na hawahisi kitu, wengine wanaumwa kichwa na presha yao haina neno. Akimeza siku moja akaacha tatu, presha inapanda na kushuka bila mpango, na kizunguzungu hakiondoki.

Miguu kuvimba ni tabia inayojulikana ya amlodipini, hasa miligramu 10. Inatanua mishipa midogo na maji yanavuja kuingia kwenye nyama za vifundo. Si lazima figo ziwe zimeharibika, na kuongeza dawa ya kukojoza kwa uvimbe huo hakusaidii sana, kunamkausha tu. Kinachosaidia ni kurudi miligramu 5, na daktari akiona presha bado iko juu anaongeza dawa ya aina nyengine, mara nyingi losartani, ambayo pia hupunguza uvimbe huo. Lakini kama uvimbe unakuja na kuhema, au analazimika kulalia mito mitatu, au umevimba mguu mmoja tu na unauma, msingoje daftari lijae. Apelekwe aonwe siku hiyo hiyo.

Bendrofluazaidi miligramu 5 ndiyo ninayoitilia shaka zaidi. Kwa presha, miligramu 2.5 kwa kawaida inatosha. Ukizidisha hapo, presha haishuki zaidi kwa kiasi cha maana, lakini madini ya damu ndiyo yanayoshuka: sodiamu na potasiamu. Mzee aliyepungukiwa na sodiamu anachoka, anachanganyikiwa, anapepesuka, anaanguka, na watu wa nyumbani wanasema uzee. Ombeni apimwe damu: sodiamu, potasiamu na kreatinini, inayoonyesha figo zinavyofanya kazi. Kama hajapimwa mwaka mzima, kipimo hiki ni cha kwanza kuomba. Kupunguza au kubadilisha ni kazi ya daktari, msikate vidonge wenyewe nyumbani. Nalisema hili kwa wasomaji wote, kwa sababu zipo dawa nyengine za presha, kama atenololi, ambazo ukiziacha ghafla moyo unaweza kukurupuka.

Kitu ambacho mama anaweza kuacha leo, bila kungoja mtu, ni diklofenaki. Pamoja na ibuprofeni na ndugu zao, dawa hizi huzuia figo kutoa chumvi na maji, presha inapanda, na dawa za presha zinapunguzwa nguvu. Zikichanganywa na dawa ya kukojoza na dawa za presha kama losartani au enalaprili, figo za mzee zinaweza kuumia ndani ya siku chache, hasa akiwa na upungufu wa maji. Na huwa zinajificha: yuko anayechomwa sindano ya magoti kila mwezi na hajui kuwa ni hiyo hiyo, yuko anayepewa vidonge vya rangi kwenye karatasi. Ulizeni jina kila mara. Kwa magoti atumie parasetamoli, vidonge 2 vya miligramu 500 mara 3 kwa siku, visizidi 6. Akiwa chini ya kilo 50, kidonge 1 kwa wakati, visizidi 4 kwa siku, na kama ana maradhi ya ini aulize kwanza. Diklofenaki ya kupaka gotini ina nafuu, kwa kuwa kinachoingia kwenye damu ni kidogo. Magoti yakandwe kwa kitambaa cha maji ya moto, na sala asalie juu ya kiti. Asiyeweza kusimama ameruhusiwa kukaa, na kunyanyuka kutoka kwenye sijda ndipo wazee wengi wanapopatwa na kizunguzungu.

Kuhusu kuamka. Gilasi ya maji iwekwe karibu na kitanda tangu usiku. Akiamka ainywe yote, akae ukingoni mwa kitanda miguu ikiwa chini, akunje na kukunjua vifundo mara 20 au 30, afumbate ngumi na kuachia. Zipite dakika 2 kamili. Asimame ameshika kitu, ahesabu mpaka 30, ndipo apige hatua. Taa ya njia ya choo iwake usiku, mkeka uliokunjika pembe uondolewe, na ndara zilizolainika asizivae kwenye sakafu ya saruji yenye maji. Muadhini akishatoa adhana, muda bado upo. Mwambieni hivyo kwa upole, kwa sababu kinachomharakisha ni khofu ya kuchelewa sala.

Maji ya chumvi yasirudiwe. Najua jirani alikusudia wema. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi ni kama gramu 5, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike hapo kwa siku nzima, vyakula vyote vikihesabiwa. Nyumba zetu zinapita hapo kabla ya jua kuchwa: papa mkavu au ng'onda kwenye mchuzi wa nazi, kidonge cha kukolezea mchuzi, achari pembeni, boflo la asubuhi, bajia za jioni. Sisemi mama asile papa tena. Papa alowekwe usiku, maji yamwagwe, achemshwe, maji yamwagwe tena, na mchuzi wake usitiwe chumvi wala kidonge. Ladha itafuteni kwenye ndimu, ukwaju, mbirimbi, pilipili mbuzi, thomu na tangawizi, na tui lisiwe zito kila siku. Baada ya wiki chache ulimi unazoea. Habasoda, mlonge na thomu akila kama chakula hakuna ubaya. Ubaya ni vikichukua nafasi ya vidonge, au vikiletwa kwenye chupa isiyojulikana kilichomo.

Ramadhani. Aende kwa daktari wiki mbili au zaidi kabla ya kuandama mwezi, na daftari mkononi. Dawa ya kumezwa mara moja kwa siku inaweza kuhamishiwa usiku bila shida. Dawa ya kukojoza, kama itabaki, isimezwe daku, kwa sababu itamtoa maji mchana ambao hawezi kunywa. Afadhali mara tu baada ya kufuturu Magharibi, ili safari za choo ziishe kabla hajalala. Baina ya futari na daku anywe maji kidogo kidogo, gilasi 6 hivi kama daktari hakumwekea kiwango kwa ajili ya moyo au figo. Futari nzito kwa mara moja humteremshia presha, kwa hiyo tende na uji kwanza, kisha asali Magharibi, ndipo ale chakula. Wiki ya kwanza pimeni kila siku baada ya Alasiri, amekaa na amesimama. Akiwa chini ya 100 namba ya juu, akiona giza, akitapika au akichanganyikiwa, afungue siku hiyo. Kama figo zake zina tatizo au moyo unashindwa kazi, uamuzi wa kufunga usifanywe bila daktari.

Mtauliza presha yake ifike ngapi. Kwa mtu wa miaka 74 anayejiweza, lengo ni chini ya 140 kwa kipimo cha hospitali akiwa amekaa, ilimradi akisimama haoni giza. Kwa aliyevuka 80 au aliyedhoofika sana, daktari anaweza kuridhika na chini ya 150. Na wasikwambieni kwamba mtu akishazeeka dawa haina faida tena. Utafiti uitwao HYVET, uliochapishwa mwaka 2008, ulichukua watu 3,845 wenye miaka 80 na zaidi. Kwa waliopewa dawa, ya kwanza ikiwa ya kukojoza, vifo vilipungua kwa asilimia 21 na moyo kushindwa kazi kwa asilimia 64, ukilinganisha na waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa ndani. Lengo lao lilikuwa 150/80. Hawakuhitaji kubanwa mpaka 120 ili wafaidike.

Siku mashine ikisoma 180/120 au zaidi na mama hana dalili yoyote, akae kimya, pimeni tena baada ya dakika 15. Ikibaki hapo apelekwe kituo cha afya siku hiyo. Asimeze dozi mbili, na asiwekewe nifedipini chini ya ulimi: inaangusha presha kwa kishindo, na hilo lenyewe huleta kiharusi. Lakini mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakichanganyika, kifua kikibana, akihema, au jicho likipoteza nuru ghafla, hapo msipime kitu. Tafuteni gari mwende hospitali, na mkumbuke dalili zimeanza saa ngapi, maana ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa.

Siku ya kwenda kliniki, Wete au Chake Chake, kusanyeni kila kidonge kilichomo nyumbani anachokigusa, na vile vya magoti na vya mitishamba, mtie kwenye mfuko mmoja. Asisitishwe dawa zake za asubuhi kwa kuwa anakwenda kupimwa. Mwambieni daktari ukweli kwamba vidonge alikuwa anaviruka, la sivyo ataona 172 na kuongeza dawa ya tatu juu ya mbili zisizomezwa. Muombeni ampime akiwa amesimama mbele yenu. Dawa ikibadilishwa, rudieni kipimo cha kulala na kusimama nyumbani baada ya wiki 2 na tena baada ya wiki 4, na akianza losartani, kreatinini na potasiamu zipimwe tena ndani ya muda huo huo.